Barua kwa mwanangu Zaituni

Mwanangu Zaituni,

Salamu kutoka nyumbani Busia, sisi wazima, mdogo wako naye kashapona malaria. Simu shuleni hawaruhusu ndo maana naandika, na siku ya kutembelea watu wanajaa mno, haya mambo siwezi kuyaongea pale.

Umefika S2 sasa, kidato cha pili, mwili umebadilika na wanaume wanaona. Wanaoharibu watoto mara nyingi si watu wa vichakani, ni hawa tunaowasalimia kila siku, mjomba, jirani, mwalimu, boda anayekubeba bure. Na hawaanzi na nguvu. Anaanza na chipsi, mara anakununulia bando likizoni, mara anakusifu eti umekuwa mkubwa, halafu meseji za usiku, mwisho anaandika "futa hii mama asione". Hapo hapo niletee simu, usifute kitu, hata kama chipsi zake ulishakula, hata kama mwezi mzima ulikuwa unamjibu vizuri. Chipsi si deni. Mwalimu akikutuma upeleke madaftari kwake baada ya prep, yale masomo ya jioni, usiende peke yako, akikuchapa kwa hilo nitakuja mimi.

Na kama limeshatokea, Mungu apishe mbali, najua utataka kuoga haraka lakini usioge kwanza, nguo usifue, zifunge kwenye gazeti au mfuko wa karatasi, si kaveera ya plastiki, maana kwenye kaveera zinashika unyevu na ushahidi unaharibika. Hospitali ya serikali siku hiyo hiyo! Dawa ya PEP ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72, ukichelewa inazidi kupungua nguvu, na ile ya kuzuia mimba pia haisubiri. Mimi nikiwa mbali mwambie yule madam anayesimamia wasichana, au piga 116, namba ya watoto, ni bure.

Kuna tabia inaniuma sana huku kwetu, wazee wanakaa kwa LC, mwenyekiti wa kijiji, upande wa mwanaume wanaleta mbuzi na vijisenti, kesi imeisha, mtoto anaambiwa anyamaze asiaibishe ukoo. LC hana mamlaka na kesi kama hiyo, ni ya polisi na korti. Sheria ya Uganda inasema aliye chini ya miaka 18 hawezi kukubali, hata angesema ndio, kosa linabaki kwa mwanaume na anaweza kufungwa maisha. Mimi mbuzi wa mtu sili, awe ndugu wa baba yako awe nani.

Mdogo wako nimemwambia haya haya kwa maneno ya umri wake, maana tangu 2007 sheria hiyo inawalinda na watoto wa kiume, na wao wanaumizwa sema hawasemi.

Kama kuna kitu kimeshakupata ukaogopa kuniambia, mpe yule madam hata mstari mmoja anipigie, ntapanda teksi ya kwanza asubuhi. Sitakuuliza ulivaa nini wala ulifuata nini kule.

Mama yako