Mshuke uwanja upi? Barua kwa rafiki anayekuja London

East Ham, London

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Mama na wote wa nyumbani huko Dar es Salaam. Sisi huku tu wazima, namshukuru Mungu. Nimeisoma barua yako pamoja na orodha ya nauli aliyokuandalia wakala wenu wa safari, na nimefurahi sana kusikia kwamba Mama atamwona mjukuu wake kabla mtoto hajaanza kutambaa. Umeniuliza kwa nini tiketi zote tatu zimeandikwa London ilhali viwanja vya kushukia ni vitatu tofauti, yaani Heathrow, Gatwick na Stansted, na mchague upi. Jibu langu nalitanguliza ili usihangaike kulitafuta chini: chukueni ile ya Gatwick, hata kama bei yake imezidi kidogo ile ya Stansted. Sasa nikupe sababu, maana nakujua, hukubali jambo kwa kuambiwa tu.

Mashirika ya ndege huuweka mji huu wote chini ya herufi tatu, LON, na nyuma ya herufi hizo kuna viwanja sita: Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton, London City na Southend. Katika hivyo sita, ni Heathrow na London City peke yake vilivyomo ndani ya mipaka ya London. Gatwick upo West Sussex, upande wa kusini. Stansted upo Essex, kaskazini mashariki. Luton upo Bedfordshire, kaskazini. Na Southend upo mashariki kabisa, kule ambako mto Thames unamwaga maji baharini. Kwa barabara, kutoka Heathrow hadi Stansted ni zaidi ya kilomita 100, yaani kama unatoka Dar es Salaam unakwenda Chalinze, na foleni zake nazo hazina tofauti kubwa na za kwetu. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba amekupatia tiketi ya London, bado hajakuambia atakushusha wapi, na hilo ndilo unalopaswa kulijua kabla hujaitazama bei.

Mimi kigezo changu cha kwanza ni mahali mtakapolala usiku ule wa kwanza. Dada yako anakaa Croydon, na Croydon ipo kusini ya mji, kwenye reli ileile inayopita Gatwick. Treni kutoka Gatwick hadi kituo cha East Croydon huchukua kama robo saa au dakika 20, na mchana hupita nyingi kila saa, hata mkikosa moja hamna haja ya kukimbia. Huhitaji kupanga foleni ya tiketi. Unagusisha kadi ya benki kwenye geti unapoingia, na unagusisha kadi hiyohiyo unapotoka, ila kila abiria awe na kadi yake, kwa sababu kadi moja haiwezi kuwalipia wawili kwa wakati mmoja. Kama kadi ya Mama haifanyi kazi nje ya nchi, mkatie tiketi ya kawaida kwenye mashine au dirishani.

Kituo cha treni kipo upande wa jengo la kusini, na ndege yenu ya kutoka Dubai hutua jengo la kaskazini. Msihofu, kuna kitreni kidogo cha bure kinachounganisha majengo hayo mawili kwa dakika chache. Jambo moja tu nakuomba ulikumbuke: mtaona matangazo mengi ya Gatwick Express, yenye rangi nyekundu, na mtadhani kwamba kwa kuwa limeandikwa jina la uwanja basi ndiyo treni yenu. Siyo. Treni hiyo huenda moja kwa moja hadi Victoria, katikati ya London, bila kusimama East Croydon, na nauli yake ni kubwa zaidi. Ninyi pandeni ya Southern au Thameslink, na mhakikishe kwamba East Croydon imo katika orodha ya vituo vinavyoonyeshwa ukutani.

Kuhusu magoti ya Mama, mwambie wakala aombe huduma ya kiti cha magurudumu sasa hivi, wakati wa kukata tiketi, au kwa uchache saa 48 kabla ya safari. Huduma hiyo hapa Uingereza ni haki ya abiria na hailipiwi hata senti. Mtumishi atampokea mlangoni mwa ndege, atampitisha kwenye dirisha la uhamiaji na kwenye mizigo, nawe utakwenda naye. Kituo cha treni cha Gatwick kilipanuliwa, kazi ikakamilika mwaka 2023, na sasa kina lifti na ngazi za umeme za kutosha kufika kwenye majukwaa, jambo ambalo mtu mwenye magoti mazima halioni, lakini Mama ataliona.

Sasa nije kwenye Heathrow, kwa sababu najua shemeji yako anaupigia debe. Sikatai kwamba ndio uwanja mkubwa wa nchi hii, na kwa watu wa Afrika Mashariki ndio uwanja wa mazoea: Kenya Airways kutoka Nairobi hutua hapo, kwenye jengo namba 4, British Airways nayo hutoka Nairobi hadi hapo, na hata RwandAir, iliyoanza safari zake za London kupitia Gatwick mwaka 2017, ilihamia Heathrow baadaye. Uwanja una njia mbili tu za kurukia ndege na umejaa pomoni, kiasi kwamba nafasi ya kutua na kuruka ni mali inayouzwa na kununuliwa. Mwaka 2016 iliripotiwa kwamba Oman Air ililipa dola milioni 75 kwa jozi moja tu ya nafasi, ya kutua na ya kuruka. Fikiria, hawakununua ndege wala jengo, wamenunua saa. Sifa hiyo yote, hata hivyo, haimfikishi Mama Croydon.

Mkishuka Heathrow, njia nzuri kuliko zote ni kupanda Elizabeth line, reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2022, hadi Farringdon, kisha mbadilishe mpande Thameslink hadi East Croydon. Vituo hivyo vina lifti, treni ni safi, na hata mimi nisiyependa kusifu kitu cha serikali naisifu reli ile. Lakini pamoja na kutembea na kusubiri ni kama saa moja na nusu, mkiwa na masanduku, baada ya usiku mzima wa kukaa kitini. Ipo pia Piccadilly, ya chini ya ardhi, ambayo ni rahisi kwa bei ila ni ya polepole na hubana watu. Na ipo Heathrow Express, inayofika Paddington kwa robo saa, ambayo kwenu ninyi haina maana yoyote kwa sababu Paddington siko mnakokwenda. Kuna hata basi la mjini, SL7, linalotoka Heathrow hadi West Croydon kwa nauli ya kawaida ya basi, na wapo watu wanaolipenda, lakini linazunguka kwenye vitongoji vyote vya kusini magharibi na ukikutana na foleni unaweza kusinzia, ukaamka, na ukakuta bado hujafika. Kama dada yako angekuwa anakaa Hounslow, Slough au Reading, ningekuambia Heathrow bila kusita. Hakai huko.

Stansted ndio uliokushawishi, nami naelewa kwa nini. Shirika ni lilelile, ndege ya kutoka Dar hadi Dubai ni ileile, na pale Dubai ndipo abiria wa Gatwick na wa Stansted wanapoachana; halafu bei ni pungufu kwa pauni 40 kila mtu. Lakini hebu tufanye hesabu kama tulivyokuwa tukifanya dukani kwa mzee. Treni ya Stansted Express hadi Liverpool Street ni karibu dakika 50, na nauli ya kukata siku hiyohiyo ni zaidi ya pauni 20 kwa kila mtu. Kutoka hapo bado mna Elizabeth line hadi Farringdon, na Thameslink hadi Croydon. Pauni 40 imekwisha kupungua kabla hamjala chochote. Na kama mizigo itawashinda mkaamua kuchukua teksi kutoka Stansted hadi Croydon, mtavuka London nzima kutoka kaskazini hadi kusini, na malipo yanaweza kupita pauni 100. Hapo mtakuwa mmeilipa ile nafuu na mmeongeza juu yake. Uwanja wenyewe ni mzuri, nisiuonee. Jengo lake lilibuniwa na Norman Foster na kufunguliwa mwaka 1991, paa jepesi lenye mwanga, na mimi ninayekaa mashariki ya mji hupenda kuutumia. Ni uwanja wa watu wa huku kwetu, wa Cambridge, na wa wale wanaosafiri Ulaya na begi moja la mgongoni.

Luton na Southend sitavizungumzia sana, kwa kuwa havimo katika orodha yako na hutavikuta katika safari ya kutoka kwetu. London City nao haumo, lakini niruhusu niseme kidogo, kwa sababu upo karibu na kwangu na ninaupenda kuliko haki yake. Ulijengwa kwenye magati ya zamani ya meli, Royal Docks, ukafunguliwa mwaka 1987, na njia yake ya kurukia ni fupi, kama mita 1,500, kwa hiyo ndege hushuka kwa mwinamo mkali kuliko kawaida na zile kubwa haziwezi kabisa kutua. Abiria wake wengi ni watu wa mabenki. Ukifika unatoka nje kwa dakika chache na kupanda treni ya DLR. Mtu anayekuja na KLM kupitia Amsterdam anaweza kuuchagua badala ya Heathrow, na kama siku moja utakuja peke yako kunitembelea mimi, uje kwa njia hiyo, ila usipange kufika Jumamosi jioni, kwa maana uwanja hufungwa kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumapili mchana ili wakazi wapumzike na kelele.

Kigezo changu cha pili ni saa ya kufika. Wakala ameweka ndege mbili za Gatwick, moja inayofika asubuhi na nyingine usiku. Ya asubuhi ndiyo bora. Ndege ya usiku ikichelewa kidogo tu, kisha foleni ya uhamiaji ikawa ndefu na mizigo ikachelewa kutoka, mtajikuta kituoni wakati treni zimepungua na Mama amechoka. Shemeji yako akisema atawapokea kwa gari, mwache apime mwenyewe gharama, kwa sababu viwanja vikubwa vya hapa hutoza ada kwa gari linalosimama mbele ya jengo, na maegesho hulipiwa kwa dakika; kwa umbali huu, nadhani ingefaa zaidi awasubiri kituoni East Croydon.

Lipo jambo la mwisho katika barua yako ambalo limenitia wasiwasi kuliko mengine yote. Unasema kwamba wazo lako la kwanza lilikuwa kutua Heathrow asubuhi, kumkabidhi Mama kwa dada yako, halafu jioni ya siku hiyohiyo uruke kutoka Stansted kwenda Copenhagen kumsalimu mdogo wako, kwa sababu umeona tiketi ya bei ya kutupa. Nakuomba uliache wazo hilo. Tiketi hizo mbili ni za mashirika mawili yasiyojuana. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halikudai wala hulidai. Litaondoka bila wewe na pesa yako itakuwa imekwenda. Katikati hapo una uhamiaji, una mizigo, na una M25, barabara kuu inayouzunguka mji, ambayo hakuna mtu wa London anayeweza kukuapia itapitika kwa muda gani. Halafu mashirika hayo ya bei nafuu hukuruhusu begi dogo la kuweka chini ya kiti tu, na ukija na sanduku la kilo 23 kutoka nyumbani utalilipia pengine kuliko tiketi yenyewe. Na viza, rafiki yangu: viza ya Uingereza haikuingizi Denmark. Utahitaji ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na hiyo ni vizuri uishughulikie ukiwa bado Dar es Salaam.

Mpango ninaokushauri ni huu. Kaa Croydon siku chache, upumzike, kisha uende Copenhagen kwa kutumia Gatwick tena, kwa kuwa easyJet na Norwegian huruka kutoka hapo, nawe utakuwa robo saa tu kutoka uwanjani. Ile tiketi ya Stansted ya saa 12 asubuhi uliyonionyesha ingekulazimu uondoke Croydon usiku wa manane kwa basi, au ulale hoteli ya karibu na uwanja, na sijui nafuu ingebaki wapi.

Basi mwandikie wakala leo, umwambie ni Gatwick, ile ya asubuhi, kiti cha magurudumu kwa ajili ya Mama, na viti viwili vilivyo pamoja. Tiketi ikishatoka nitumie namba ya ndege na tarehe, nami nitaomba ruhusa kazini ili niwapokee pale jengo la kaskazini, mlango wa abiria wanaowasili, na tupande treni pamoja. Mwambie Mama aje na sweta ndani ya begi la mkononi, asiliweke kwenye sanduku.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa East Ham