Kaka, kabla Mama Neema hajapasuliwa

Leicester, Uingereza

Kaka, shikamoo.

Ujumbe wako umenifika, na ule wa shangazi wa Kongwa pia, kwamba Mama Neema akikataa kuongezewa damu asihesabiwe tena mtoto wa nyumba ile. Mwombe shangazi ayaweke hayo maneno. Mashahidi wa Yehova wamekatazwa kuongezewa damu tangu 1945, na wanasimamia Matendo 15:29, andiko la kujiepusha na damu. Kikao cha ukoo cha jioni moja hakitamgeuza. Tufanye kazi ya kabla ya upasuaji wa uvimbe wake wa kizazi.

Mjue kwanza anachokataa: damu nzima, chembe nyekundu, chembe nyeupe, chembe za kugandisha damu, na plazma, yaani maji ya damu. Hoja yako kwamba atolewe damu yake mwenyewe ihifadhiwe, zamani isingepita. Kwao damu ikishatoka mwilini haikuhifadhiwa, ilimwagwa; tangu 2026 hilo wameachiwa kila mmoja aamue mwenyewe. Vivyo hivyo albumini (protini itokayo kwenye plazma), dawa za kugandisha zinazotokana na plazma, na mashine inayomrudishia mgonjwa damu yake palepale mezani, hivyo kila Shahidi huamua kwa dhamiri yake. Aulizwe kimoja kimoja, majibu yaandikwe kwenye faili, na ile kadi yake ya kukataa damu ikae humo, isibaki kwenye pochi nyumbani. Na aulizwe akiwa peke yake na daktari. Wazee wa kutaniko wakae nje, na sisi tukae nje. Mtu akijibu huku anatazamwa na kundi, hujui anamjibu nani.

Umesema Hb yake, yaani kipimo cha wingi wa damu, ni 8. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu. Kwa uvimbe wa kizazi unaomtoa damu nyingi kila mwezi, vidonge vya madini ya chuma peke yake ni kujaza ndoo iliyotoboka. Amwombe daktari dawa ya kupunguza hedhi kwanza. Vidonge vikifanya kazi hupandisha kama 2 kwa mwezi, kwa hiyo tarehe isogezwe ikiwa daktari anaona inawezekana. Avimeze kwa maji ya ubuyu. Chai aiache mpaka yapite masaa mawili tangu ameze. Choo kitakuwa cheusi, asishtuke. Wengi huacha dawa hapo. Tumbo likigoma, ipo dripu ya chuma. Ni dawa tu, ila rangi yake ni kahawia iliyokoza, shangazi asije akatangaza wodini kwamba imani imelegea.

Daktari wa upasuaji aulizwe waziwazi kama yuko tayari kumpasua bila damu, na kama asidi ya traneksamiki ya kupunguza kuvuja ipo. Asiyetaka aseme mapema tutafute mwingine, si tuje kujua mgonjwa ameshalala mezani.

Hatari ipo. Akivuja sana anaweza kufa, na aambiwe mwenyewe kwa maneno hayohayo kabla hajatia saini.

Wodini waongee na wauguzi watu wawili tu, wewe na shemeji. Mchungaji wetu aje kumjulia hali, ila asimwombee kitandani. Mashahidi hawashiriki ibada ya dini nyingine, na ugomvi mwingi huanzia hapo. Maini ya kuongeza damu anakula, mradi mnyama alichinjwa damu ikatoka.

Hela ya kipimo cha pili cha Hb naituma Ijumaa kwa namba ya shemeji. Piga picha karatasi ya dawa alizoandikiwa unitumie, zote, hata za maumivu.

Mdogo wako