Barua ya wazi kwa mawakili vijana wanaoitamani siasa: msomeni Stevens wa jimboni kwanza

Wanangu mlio shule ya sheria, nanyi mlioapishwa juzi na tayari mnanong'onezana habari za ubunge,

Nawasalimu. Mkimtaja Thaddeus Stevens, wengi mnamtaja yule mzee wa Washington aliyepigania Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, yanayohusu uraia na usawa mbele ya sheria, na kumfikisha Rais Andrew Johnson mbele ya mashtaka mwaka 1868. Huyo mwacheni kwanza. Atakayewafaa ninyi ni wakili aliyefungua ofisi Gettysburg, Pennsylvania, mwaka 1816, akaingia Baraza la Wawakilishi la jimbo mwaka 1833. Makosa yake ya miaka hiyo ndiyo mtakayoyafanya ninyi, na ustadi wake wa miaka hiyo unaweza kuigwa.

Anzeni na kesi ambayo wapenzi wake hupenda kuiruka: Butler dhidi ya Delaplaine, 1821. Sheria ya Pennsylvania ya 1780 ilikuwa ikiukomesha utumwa polepole. Mgeni aliruhusiwa kuja na mtumwa wake wa nyumbani, ila akimweka jimboni zaidi ya miezi sita, mtumwa huyo yu huru. Charity Butler alikuwa wa Maryland, ng'ambo tu ya mpaka, na waliomkodi walikuwa wakivuka naye mara kwa mara, siku chache leo, siku chache mwezi ujao. Upande wake ulisema: jumlisheni, miezi sita imepita. Delaplaine, aliyedai kuwa mwanamke huyo ni mali yake, alikuwa na wakili hodari. Naam, ni Stevens.

Kifungu hakina neno "mfululizo". Kinasema tu kuwekwa zaidi ya miezi sita. Hata hivyo mahakama ya juu ya jimbo ilikubali kwamba vipande vya muda haviungwi, isipokuwa bwana awe anamvusha na kumrudisha kwa hila ili aikwepe sheria. Charity na watoto wake wakabaki utumwani. Baadaye Stevens aliwatetea watumwa watoro wengi bila malipo, lakini malipo ya kesi hii alikwisha kuyapokea.

Sasa angalieni ile "isipokuwa". Ukishika shauri la kuhesabu muda, usiishie kwenye jumla ya siku. Chora jedwali lenye tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, aliyemleta, idhini ya nani, shahidi gani. Kisha ongeza safu moja ambayo vijana huisahau: kwa nini aliondoka siku ile? Hila huonekana hapo. Mtu anayerudishwa mpakani wiki mbili kabla ya muda kutimia, mara tatu mfululizo, ana hoja. Mtu mwenye jumla tupu ana hesabu tu.

Nije kwenye shule, maana hapa ndipo alipoonyesha kazi ya wakili bungeni. Mwaka 1834 Pennsylvania ilipitisha sheria ya shule za umma karibu bila kupingwa. Wilaya ziliachiwa kuikubali au kuikataa. Kisha kodi ikajulikana, na maneno yakaanza. Wakulima wa asili ya Kijerumani, waliokuwa na shule za makanisa yao, hawakuona kwa nini wamsomeshee jirani. Wasio na watoto wakalalamika vilevile. Maombi ya kuifuta yakaja kwa maelfu ya sahihi, na Seneti ya jimbo ikapiga kura ifutwe. Mswada ulioletwa mahali pake ungemlipia ada mtoto wa maskini tu.

Stevens alisimama Aprili 1835. Hakuanza kulia juu ya ujinga na giza. Aliushika mswada wenyewe akauliza utafanya kazi vipi: ili mtoto asome bure, sharti kwanza aandikwe kuwa maskini. Akasema basi jina lake halisi liwe sheria ya kuwapiga maskini chapa, wapate kutambulikana mbele ya matajiri na wenye majivuno. Kwa wasio na watoto alikuwa na jibu la daftari la kodi: mnalipia mahakama na jela, nanyi hamjawahi kushtakiwa. Baraza likaugeukia upande wake, na sheria ikapona.

Tena kumbukeni, kwa kuitetea sheria hiyo alikuwa akimtetea gavana wa upande mwingine. Gavana huyo, George Wolf, alikuwa wa chama cha Democratic na Frimasoni, na Stevens alipanda kisiasa kwa kuwashambulia Frimasoni bila huruma. (Vita hivyo, kwa maoni yangu, vilimpotezea miaka.) Siku ile alizisoma karatasi, hakusoma majina.

Dosari yake kubwa ni reli. Alikuwa na tanuru za chuma, na akiwa bungeni akasukuma fedha za umma zijenge reli kutoka Gettysburg kwenda milimani zilikokuwa tanuru hizo. Njia ilijipindapinda hata wapinzani wakaiita Tegu, kama yule mnyoo. Alikuwa na sababu nzuri za maendeleo ya wilaya, na zote zilioza kwa sababu mnufaika na mpiga kura walikuwa mtu mmoja. Ukiwa na mali inayoguswa na mswada, tangaza kabla haujasomwa, toka chumbani wakati wa kura, na hakikisha kumbukumbu za kikao zimeandika kwamba ulitoka. Kazi ya Tegu ilisimamishwa mwaka 1839. Handaki lililochimbwa kupitisha njia hiyo, likaachwa bila reli, likawa uwanja wa mauaji tarehe 1 Julai 1863, siku ya kwanza ya mapigano ya Gettysburg katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Siku chache kabla yake askari wa Jubal Early, jenerali wa majimbo ya Kusini yaliyoasi, walikuwa wameichoma moto tanuru yake ya Caledonia.

Vurugu za Desemba 1838 nazipita haraka: matokeo ya uchaguzi ya Philadelphia yakabishaniwa, mabaraza mawili yakajitangaza Harrisburg, makao makuu ya jimbo, kila moja likidai kuwa ndilo halali, na Stevens akatorokea dirishani. Soma sheria ya matokeo kabla ya uchaguzi, si baada yake.

Mwaka huohuo katiba mpya ya jimbo iliingiza neno "mweupe" katika sifa za mpiga kura. Stevens alikuwa mjumbe wa mkutano ulioiandika. Alikataa kutia sahihi.

Alifariki Agosti 1868. Makaburi mengine yalikuwa na kanuni za rangi ndani ya hati zao, kwa hiyo akachagua kwa Shreiner, makaburi madogo mjini Lancaster yasiyombagua mtu, na sababu hiyo akaagiza iandikwe juu ya kaburi lake.

Wenu katika kazi,
Mzee wenu