Mizani yangu ipo, waje waiazime

Mhariri,

Gazeti lenu nalinunua zaidi ya miaka ishirini sasa, asubuhi kwa kusoma na jioni kwa kufungia bizari dukani kwangu Kongowea, na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Lakini ile ripoti yenu ya juzi kuhusu wanaotaka bangi ihalalishwe imenikwama kooni. Kurasa mbili nzima za dola, wawekezaji na mafuta ya dawa, na picha ya jani kubwa la kijani utadhani mnatuuzia mchicha. Wanaolala selo kwa sababu ya jani hilo hawakupata hata aya moja.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya. Sivuti, sijavuta, na kijana wa kwangu akiniingilia ndani na macho mekundu, siku hiyo chungu hakifunuliwi. Marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra kule Nairobi, alipomwandikia Spika mwaka 2018 akitaka uvutaji wa bangi usiwe jinai, mimi nilikuwa katika waliomcheka. Julai 2019 akafariki, na hoja ikalala. Uchaguzi wa 2022 akaja Profesa Wajackoyah, akitaka urais: bangi ilipe deni la taifa, tufuge nyoka, tuwauzie Wachina korodani za fisi. Tukacheka tena, na kura 61,969 akazipata. Tangu siku hizo kila mtetezi wa bangi akifungua mdomo huanza na dola.

Sasa niwaeleze ya kwangu, kwa kuwa hayamo ripotini mwenu. Oktoba mwaka jana mtoto wa ndugu yangu, utingo wa matatu, umri wake miaka 22, alishikwa maskani usiku akiwa na kipisi cha msokoto. Kipisi, Mhariri, kilichokwisha kuchomwa nusu. Hata yeye hakatai. Mimi nimeletewa habari alfajiri. Nimefika kituoni (jina lake naliacha, nina duka na nina umri) nikaambiwa kijana ameandikwa kwenye kitabu kuwa alipatikana na misokoto ishirini na mitatu. Ishirini ningeielewa, mtu amechoka akaandika namba ya duara. Lakini hiyo mitatu ndiyo iliyonichoma, maana yake kuna mtu alikaa, akafikiri, akaona ishirini tupu haitaaminika. Nikasema, afande, naomba hiyo misokoto niione, na ikiwezekana ipimwe. Akacheka mpaka akashika meza. "Mama, hapa si Kongowea." Mwenzake, aliyeonekana mpole zaidi, akanivuta kando akanifundisha sheria bure: ile sheria ya mihadarati ya 1994 inatenganisha bangi ya kujivutia na bangi ya kuuza, na misokoto ishirini na mitatu hakuna hakimu atakayeamini ni ya mtu mmoja. Akaniangalia. Nikamwangalia. Shilingi elfu nane, Mhariri, pesa ya iliki niliyokuwa nimewekeana ahadi na mwenye mzigo. Nilizitoa, na najua kutoa nako ni kosa, kwa hiyo nami niandikeni. Ilipofika saa nne misokoto yote ishirini na mitatu ilikuwa imeyeyuka, kijana akawa ameshikwa kwa kuzurura tu, akaachiliwa. Gari lake lilikwisha pata utingo mwingine.

Ndipo mnanisomea habari za Rwanda. Ni kweli Rwanda iliruhusu mwaka 2021 kulima bangi ya dawa ya kuuza nje. Je, mliwaambia wasomaji kwamba raia wa Kigali akishikwa akivuta bado ni mhalifu? Malawi nayo mwaka 2020 ilifungua mlango wa dawa na viwanda, si wa mvutaji. Huo ndio uhalalishaji wanaoupigia debe hawa mabwana wenu wa suti: tajiri apewe leseni na ekari, utingo abaki na misokoto yake ya kuandikiwa. Afrika Kusini ndiko mahakama ya kikatiba ilikomgusa mvutaji mwenyewe, Septemba 2018, kwamba mtu mzima akivuta faraghani ni shauri lake. Hilo mmelipa sentensi moja, tena chini kabisa, karibu na tangazo la matangi ya maji.

Na kwa kuwa nimekwisha fungua mdomo, muguka je, yale majani ya kutafuna, ndugu wa miraa? Mei 2024 Gavana Abdulswamad aliupiga marufuku hapa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Haikwisha wiki, Ikulu ikasema marufuku hayo ni batili, muguka ni zao linalotambuliwa na sheria. Zao! Mtoto wa jirani yangu hulitafuna zao hilo usiku kucha, asubuhi anazungumza na mlango. Lakini lina wakulima, na wakulima wana kura. Uingereza ilipoikataa miraa mwaka 2014 serikali yetu ilihangaika kuitetea kama mwana wa pekee. Sisemi bangi ni nzuri kuliko muguka. Nasema sielewi ni mizani gani inayotumika kuamua kijana wa nani ashikwe na wa nani aachwe atafune.

Na kwa habari ya mizani nina pendekezo. Wanaoandaa miswada waache kwanza hesabu za dola, waandike kifungu kimoja tu: kila bangi inayokamatwa ipimwe papo hapo, mbele ya aliyeshikwa na jamaa yake, namba iandikwe kwa wino, na jamaa apewe karatasi. Wakisema vituo havina vifaa, mimi nina mizani ndogo ya zafarani, inatumia betri mbili na inasoma hadi nusu gramu. Haijawahi kusoma ishirini na tatu mahali pa moja. Waje waichukue siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana. Ila wairudishe kabla ya Ramadhani, maana ndipo zafarani yangu hutoka.

Muuza viungo,
Kongowea, Mombasa