Kampala Bado Wanabishania Kikosi

Kampala,
Januari 2026

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama na wote hapo Tanga. Mimi sijambo. Jua la Januari ni kali, vumbi linaingia mpaka kwenye chai, na makontena ya Dar yamechelewa kama kawaida, kwa hiyo ofisini tunashinda tukijibu simu za wenye mizigo. Hela ya dawa za Mama nimemtumia Kaka. Mwulize, asije akasema haijafika.

Sasa nije kwenye neno lako. Umemwambia Kaka aniulize Waganda wanasemaje tangu ile sare yao ya 1-1 na sisi kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, huko Morocco, halafu hukusubiri jibu, ukatoa hukumu kabisa: walikosa ushindi kwa sababu kocha wao alimwachia mtoto, Okello, penalti ya mwisho badala ya kumpa mtu mzima. Nilikataa siku ile kwenye simu, na leo nakataa kwa maandishi, kwa kuwa unasema ujumbe wa sauti unakuchosha.

Mechi niliitazama Kisenyi, kwenye kibanda kimoja nyuma ya gereji, kiingilio shilingi 2,000 za huku. Waswahili tulikaa upande mmoja: madereva wa malori wa Mombasa, vijana wa Bunia wanaouza vitenge, na mzee wa Kinubi kutoka Bombo, askari mstaafu, ambaye sote tunamwita Afande. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Hilo halikumsumbua mtu isipokuwa muuza kikomando, ambaye kila akipita na sahani zake za chapati na maharage alitaka kujua kama namsubiri mume wangu.

Kuna jambo la vibanda vya huku hujawahi kuliona. Ukuta kwa ukuta na chetu kipo kingine chenye king'amuzi tofauti, na picha yao hutangulia yetu kwa sekunde chache. Msuva alipotufungia penalti dakika ya 59, nilijua imeingia kabla hajapiga, kwa jinsi majirani walivyonyamaza. Ikpeazu wa Uganda aliposawazisha kwa kichwa dakika ya 80, mabati yalilia wakati kwetu mpira bado haujafika golini. Basi fikiria ile penalti ya Okello. Dakika zimekwisha, mpira umewekwa, kijana anarudi nyuma kuchukua nafasi, na kutoka ng'ambo ya ukuta unasikia watu wote wanaguna kwa pamoja. Okello wetu alikuwa hajaanza hata kukimbia! Nilimtazama akipiga mkwaju ambao tayari nilijua ameukosa, na sijui kama nilifurahi. Afande alivua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni. "Bas," akasema, "twende nyumbani."

Lakini mechi ya pili ilianza kesho yake redioni, na hiyo mpaka leo haijapulizwa filimbi. Kiganda changu sasa kinatosha kufuata vipindi vya michezo, na hata kisingetosha ungeelewa kwa sauti tu. Watangazaji wao wana pumzi, Baba. Mtu anaweza kukutajia kikosi cha 1978 kilichofika fainali Accra na kufungwa na Ghana 2-0, kuanzia kipa hadi Phillip Omondi, bila karatasi. (Ukitaja 1978 wewe unakumbuka vita vya Kagera. Huku wanakumbuka Accra. Mimi na Afande tumekubaliana kuzungumzia Accra tu.) Simu zinafunguliwa, mwenye bodaboda anapiga, mwalimu anapiga, mama wa sokoni anapiga, na kila mmoja ana kikosi chake kinachoanza.

Ubishi wenyewe ni huu. Agosti iliyopita CHAN ilichezwa kwetu, Kenya na huku, na CHAN inachukua wachezaji wa ligi za nyumbani pekee. Uwanja wa Namboole, hapa Kampala, ulijaa. Watu waliwaona vijana wa Vipers, KCCA na Villa wakiongoza kundi lao, wakawajua kwa sura. Halafu Desemba timu ikaenda Morocco, na kikosi kikawa na wanaocheza nje, wale wanaoitwa mapro. Basi redio zimegawanyika. Upande mmoja unasema kocha Paul Put aliwasahau vijana waliotoa jasho hapa. Upande wa pili unasema ligi ya hapa haina kasi ya kumkabili Mnigeria. Na Okello, kwa kuwa alikuwa nyota wa ligi ya hapa, akageuzwa kielelezo: akifunga ni ushindi wa ligi ya nyumbani, akikosa ndiyo mnaona.

Hapo ndipo wananichekesha. Okello waliyemfanya mtoto wa nyumbani aliondoka KCCA mwaka 2020 akaenda Algeria, Paradou, akacheza huko kabla ya kurudi. Yeye mwenyewe alikuwa pro! Na Ikpeazu aliyewaokoa amezaliwa Uingereza. Ukiwapanga watu kwa makundi hayo mawili, hujui hata umweke wapi mtu aliyekwenda akarudi. Mchambuzi anataja jina, anataja klabu, anataja nchi ambayo klabu iko, kisha anahitimisha. Mfumo hautajwi. Nani anamfunika beki wa kushoto anapopanda, hakuna. Nilikaa kwenye kiti cha saluni kwa muda wote wa kusukwa, kipindi kinaendelea, na neno "kiungo mkabaji" sikulisikia kwa lugha yoyote.

Usicheke, maana wachambuzi wetu wa Dar nao ni hao hao, tofauti yao wanaongeza mafumbo ya Simba na Yanga.

Kuhusu penalti yenyewe: pale Namboole mwezi wa Agosti, dhidi ya Afrika Kusini, Uganda ilikuwa nyuma 3-1, ikapata penalti mbili mwishoni mwishoni, ikatoka 3-3. Ya kwanza aliipiga nani? Okello. Aliitia kimiani uwanja mzima ukiwa umesimama. Sasa niambie, Baba, wewe ni kocha, umepata penalti ya dakika za mwisho, na unaye mtu uliyemwona akifunga ya namna hiyo miezi minne iliyopita. Umnyime kwa sababu gani? Walewale waliomwimba Agosti ndio leo wanauliza nani alimpa mpira. Kukosa amekosa, lakini chaguo halikuwa baya. Hayo ni mambo mawili, na redio za huku zimekataa katakata kuyatenganisha. Na wewe pia, samahani kusema.

Halafu tukumbuke tunacheka kwa nini. Ule mkwaju ungeingia, Uganda ingemaliza na pointi 3 na sisi tungebaki na 1 mkiani. Ulikosa, tukapata sare, tukaongeza ile ya 1-1 na Tunisia, na kwa pointi 2 tukaingia mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Morocco walitutoa kwa bao 1-0 tu, nakubali, vijana walicheza kiume. Ila unaposema kocha wetu Gamondi aliwasoma Waganda wote, kumbuka alimfundisha kiungo wao Aucho pale Yanga, anamjua mpaka anavyokohoa. Wengine je?

La makipa ndilo limewatoa watu machozi. Desemba 30, na Nigeria, lazima washinde. Put akamwanzisha Denis Onyango, miaka 40, yule aliyestaafu timu ya taifa mwaka 2021 kisha akarudi. Onyango akaumia. Akaingia Salim, akaudaka mpira nje ya boksi, kadi nyekundu. Akaingia Alionzi. Makipa watatu mechi moja, na mwisho 3-1. Redio moja ilijaza asubuhi nzima kwa swali la kwa nini mzee alianza.

Afande anamtetea Onyango kufa na kupona. Anasema mtu aliyebeba Ligi ya Mabingwa Afrika na Sundowns ya Afrika Kusini mwaka 2016, akawa mchezaji bora wa mwaka huo kati ya wanaocheza Afrika, haulizwi umri. "Kipa si mbwa ya kukimbiza mwizi," aliniambia, "kipa nasimama, natumia akili." Mimi nasema Afande ana haki nusu. Kumwanzisha Onyango kulikuwa na mantiki, kuumia ni bahati mbaya, na kadi ya Salim hakuna kocha angeipanga ubaoni. Ila heshima isiwe sababu. Uganda ilifungwa mabao saba katika mechi tatu, matatu na Tunisia, moja na sisi, matatu na Nigeria, na mpira kabla haujamfikia kipa umepita mbele ya watu kumi. Hao kumi ndio ningependa nisikie wakijadiliwa. Siku utakayosikia kipindi kizima cha huku kinajadili mabeki wanavyosimama, nipigie nami nifungue redio.

Jambo jingine linalosemwa sana ni la kocha mzungu. Wanataka mzawa. Ukiwakumbusha kuwa Micho ndiye aliyewapeleka AFCON 2017 baada ya miaka 39, Desabre akawafikisha mtoano 2019, na huyu Put akawarudisha tena, wanabadili mada haraka sana wanaanza habari za mishahara. Nisiendelee, hilo nalo kwetu lipo.

Usifikiri lakini kwamba wanatuchukia. Nikisema natoka Tanzania, mtu anaanza na mshambuliaji wao Okwi, alivyokuwa Simba, akavuka Yanga, akarudi Simba, na anacheka kana kwamba Okwi ni shemeji yetu sote. Baada ya mechi dereva wa bodaboda aliponijua kwa lafudhi alinipandishia nauli "ya penalti ya Msuva". Nililipa.

Mwambie Kaka yale mashuka ya Bibi nitampa dereva wa basi wiki ijayo, awahi kuyapokea stendi. Mama asinitumie tena dagaa bila kufunga vizuri, mzigo uliopita ulinukia ofisi nzima. Na AFCON ya 2027 ni yetu sote watatu, Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hiyo anza kutafuta pasi yako ya kusafiria sasa hivi, uje ukae kwangu, nikupeleke kwa Afande mbishane ana kwa ana. Ana subira kuliko mimi.

Nijibu hili moja: ile penalti wewe ungempa nani? Taja jina la mtu aliyekuwa uwanjani siku ile, usinitajie wa Coastal Union ya 1988.

Wasalimie wote.

Binti yako