Bakteria wa mikoko na shaba: vipimo viwe na ulinganisho

Ndugu Mhariri,

Wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaochota matope ya mikoko huku Tongoni, Tanga, kuchunguza bakteria na metali, waelezwe mapema vipimo huharibikia wapi. Kuandika "bakteria wameondoa shaba majini" ni rahisi. Kuthibitisha kuwa ni wao ndiyo kazi.

Mwanafunzi hutia mrututu (salfati ya shaba) gramu 0.25 kwa lita, yaani milimoli 1 ya shaba, kwenye mchuzi wa peptoni (protini iliyovunjwavunjwa, chakula cha bakteria). Bakteria wakistawi, anatangaza kuwa ni sugu. Kumbe peptoni imeishika shaba, fosfati nayo imeizamisha, na iliyobaki huru ya kuwadhuru ni kidogo mno. Tena wakivunja peptoni hutoa amonia, pH (kipimo cha asidi) ikapanda, na shaba ikatua chini yenyewe.

Kwa hiyo kila kipimo kiwe na chupa tatu: ya bakteria hai, ya waliouawa, na isiyo na bakteria kabisa. Hata waliokufa hunasa metali kwenye kuta za seli! pH ipimwe mwanzo na mwisho. Sampuli ichujwe kwa kichujio cha mikromita 0.45 kwanza, ndipo itiwe asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ukitanguliza asidi, mashapo yanayeyuka na hesabu yote imeharibika. Usipoitia kabisa, shaba huganda kwenye kuta za chupa.

Wanaotafuta bakteria wapumuao salfati (huitumia badala ya oksijeni na kutoa gesi ya salfaidi ya hidrojeni) wajaze chupa pomoni, hewa isibaki, wakitumia lakteti ya sodiamu (chakula cha bakteria hao) na chumvi ya chuma, kwenye nyuzi 30. Weusi utakaotokea ni salfaidi ya chuma, yaani gesi hiyo iliyoungana na chuma, lakini haujathibitisha kitu: protini ikioza nayo hutoa gesi hiyohiyo yenye harufu ya yai viza. Lazima iwepo chupa isiyotiwa salfati. Na kwa kuwa matope hubeba salfati ya bahari, hamisheni kwanza mililita 1 kwenye mililita 9 za mchuzi mpya usio na salfati, mara tatu mfululizo, ndipo mlinganishe.

Chupa hizo nyeusi zisitiwe asidi mezani. Asidi huifukuza gesi yote kwa mkupuo, nayo ikizidi, pua huacha kuinusa kabla mtu hajaanguka. Zifunguliwe ndani ya kabati la kuvuta hewa tu.

Wasomaji wenu,
Tanga