Msimjibie aliyepata kiharusi

Mhariri,

Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi hakiishii kwenye mkono na mguu wa kulia. Huchukua na maneno. Hospitali huita afasia. Majirani huita wazimu au kurogwa, tena mbele ya mgonjwa anayesikia.

Kwetu Uganda kosa huanzia kitandani. Mtu wa Arua aliyezoea Kilugbara nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiganda Kampala anaulizwa kwa Kiingereza, ananyamaza, basi inaandikwa kwamba haelewi. Lugha huenda zisirudi zote pamoja, na inayotangulia si lazima iwe ya mama. Mjaribuni kwa kila lugha aliyokuwa akiitumia.

Halafu kuna hiyo "ndiyo" yake. Wengi husema ndiyo wakikusudia hapana. Mpimeni kwa maswali ambayo majibu yake mnayajua: "Hapa ni Jinja?" nanyi mko Mbale. Akikosea, acheni maneno, tumieni kidole gumba, juu au chini. Akiomba chumvi huku macho yake yakiwa kwenye sukari, wekeni makopo yote mawili mezani aonyeshe. Redio izimwe, swali liwe moja, kisha mhesabu hadi kumi kimoyomoyo. Ukiuliza tena mapema kwa maneno mengine, umemrudisha mwanzo. Na kwa nini kumpigia kelele? Si kiziwi.

Asiyeweza kutamka "maji" anaweza kuhesabu moja hadi kumi, kuimba, au kusoma Alhamdu bila kukwama. Hajifanyi: maneno ya mfululizo yaliyozoeleka hupita njia nyingine ubongoni.

Daftari la shule linatosha. Bandikeni picha za watoto, choreni vyakula, saa, na mwili mzima ili aguse panapouma. Mfukoni awe na kikaratasi: "Nimeugua kiharusi. Naelewa. Nipe muda." Kiandikwe kwa lugha ya kondakta wa taksi, si ya daktari. Namba nazo huchanganyika, kwa hiyo anapokwenda kwa wakala wa pesa za simu, kiasi kiandikwe kabla hajatoka nyumbani, na asindikizwe na mtu anayemwamini yeye mwenyewe.

Nafuu kubwa huja miezi ya mwanzo, ila huendelea kwa miaka. Makerere inafundisha wataalamu wa tiba ya usemi tangu 2008. Bado ni wachache. Ombeni rufaa ya kuwaona kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi nyumbani.

Wahudumu wa wagonjwa,
Mbale